Bibi Salme na Barua Zisizotumwa

Ukimtaja Bibi Salme mbele ya wanafunzi wenzangu, wengi watakujibu papo hapo kwamba ni yule binti wa Sultani wa Unguja aliyetoroka na Mjerumani. Wakishasema hayo huwa wamemaliza. Hadithi inaishia pale ufukweni, usiku, mashua inapoelekea kwenye manowari, kama vile sinema inavyoishia mapenzi yakishashinda. Lakini Salme alitoroka akiwa na umri wa miaka 21, na alifariki akikaribia 80. Je, hiyo miaka 58 iliyobaki aliishi wapi, na nani, na alikula nini? Hapo ndipo barua zake zinapoingia.

Barua zenyewe ni kioja. Zilipatikana katika makaratasi yake baada ya kufariki mwaka 1924. Mwanawe Rudolph alizihifadhi pamoja na vitabu vya familia, na baadaye hazina hiyo yote ikapelekwa mji wa Leiden, Uholanzi, kwa wataalamu wa mambo ya Mashariki. Zilikaa huko hadi mwaka 1993 zilipochapishwa kwa Kiingereza, na hiyo ndiyo tafsiri niliyoisoma mimi. Anayeandikiwa ni rafiki yake wa kike aliyebaki Unguja. Rafiki huyo hatajwi jina. Tena, sikiliza maajabu haya, barua zimeandikwa kwa Kijerumani! Sasa Unguja ya karne ya 19, ni bibi gani wa Kiarabu au wa Kiswahili, ndani ya nyumba yake, aliyeweza kusoma Kijerumani? Wapo wasemao kwamba rafiki huyo ni wa kubuni, na kwamba barua ni namna tu ya kusimulia. Mimi naona hata kama alikuwepo kweli, Salme alijua wazi kwamba barua hizi hazitapanda meli. Alikuwa akisema na nyumbani huku akijua nyumbani hakusikii.

Lakini nisitangulize mkia kabla ya kichwa.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule yule aliyeieneza mikarafuu Unguja na Pemba na kuufanya mji wa Unguja kuwa makao yake. Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkesi kutoka milima ya Kaukasi. Mama huyu alikuwa suria, yaani mtumwa aliyenunuliwa. Alitekwa akiwa mtoto mdogo katika vita vilivyowaua wazazi wake, akatenganishwa na ndugu zake, asiwaone tena. Tafadhali msomaji, liweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Pale Mtoni kulikuwa na watu kama sisimizi. Salme mwenyewe alisimulia kwamba zilisikika lugha chungu nzima: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Mbele ya mzee ilitakiwa Kiarabu. Lakini kwa mayaya na watumishi na watoto wenzake ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichokuja kumwoa, kama utakavyoona.

Wasichana wa ukoo wake walifundishwa kuisoma Kurani. Kuandika, la! Kuandika kulikuwa kwa wanaume, maana ilihofiwa msichana akijua kalamu ataandikia nani? Salme akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa mpana wa bega la ngamia, ambao watoto wa chuoni waliutumia kama sisi tunavyotumia slesi, akawa ananakili herufi za Kurani moja baada ya moja mpaka mkono ukazoea. Kaka yake wa baba, Majid, alimfundisha pia kupanda farasi na kulenga shabaha. Mtoto wa kike wa wakati ule! Ilipojulikana kwamba anaandika palizuka minong'ono, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirejea kutoka Oman. Salme, mwenye umri wa miaka 12, akahesabiwa kuwa mtu mzima na kupewa urithi wake, mali pamoja na shamba. Ufalme nao ukagawanyika: Thuwaini akashika Oman, Majid akashika Unguja. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kikamchukua mama yake. Akabaki yatima wa pande zote mbili.

Hapo ndipo kalamu ilipomponza. Ndugu mwingine, Barghash, alikitaka kiti cha Majid. Akapanga njama mwaka 1859, na dada zake wakaingizwa ndani. Katika mji wenye wapelelezi kila kona, nani angeandika barua za siri za kuwaita machifu na kuagiza silaha? Mwanamume angeshukiwa. Ni Salme, msichana wa miaka 15, aliyekuwa katibu wa uasi. Barghash alipozingirwa nyumbani kwake na askari, Salme na dada yake Khole walikwenda wakamvika nguo za kike, wakapita naye katikati ya askari hao hao kama bibi mmoja anayerudi kwake. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Lakini kicheko hakikudumu. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukavunjwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa miaka miwili hivi.

Wahenga walinena kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Salme hakulima wala hakuvuna. Alijitenga mashambani, Kisimbani kisha Bububu, akiwa amekosana na Majid. Baadaye akapatana na Majid, na kwa kupatana huko akakosana na Barghash. Majid alisamehe. Barghash hakusamehe mpaka anaingia kaburini. Wasemao kwamba nduguyo akikutafuna hatakumeza hawakumjua Barghash.

Aliporudi mjini, nyumba yake ilipakana na ya mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa mwaka 1839. Mapaa ya nyumba za Mji Mkongwe yanakaribiana mno, na jioni watu hupunga upepo juu ya nyumba. Basi yaliyotokea ndiyo hayo. Mwaka 1866 Salme akajikuta mja mzito. Binti wa Sultani, Mwislamu, hana mume, na baba wa mtoto ni Mkristo na mgeni! Adhabu yake ingeweza kuwa kifo. Mwezi wa Agosti mwaka huo akatoroka kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer. Husimuliwa kwamba ilikuwa siku za mwaka wa Waswahili, wakati wanawake wanaposhuka pwani kuoga, kwa hivyo kundi la wanawake majini usiku halikumshtua mtu.

Alishukia Aden, kwa mume na mke wa Kihispania aliowafahamu tangu Unguja. Heinrich alibaki Unguja kumaliza shughuli zake. Mtoto, mvulana, akazaliwa Desemba. Tarehe 30 Mei 1867, Heinrich alipowasili, Salme alibatizwa, akapewa jina Emily, akafungishwa ndoa, yote siku moja katika kanisa la Kiingereza. Kisha safari ya Ulaya. Mtoto yule hakuiona Hamburg. Alifariki Ufaransa wazazi wakiwa njiani. Salme alikuja kuandika kitabu kizima cha kumbukumbu zake, na mtoto huyu hamo. Alieleza habari za punda weupe wa baba yake, za vyakula vya Idi, na za mavazi, lakini juu ya mtoto wake wa kwanza hakuandika kitu. Nadhani hapo ndipo palipomuuma kuliko kwingine kote.

Sasa tuzifungue barua.

Barua zinaanza na safari yenyewe. Bahari ya Shamu ilikuwa kama tanuri. Chakula cha melini alikitilia shaka, kila nyama akihofia isije ikawa nguruwe, akawa anajishikiza kwa vitu vidogo vidogo visivyo na hatari. Hebu fikiria. Amekwisha batizwa, ana cheti cha ndoa ya kanisani mkononi, lakini tumbo lake bado ni Islamu! Katika barua hizi anakiri kwa rafiki yake jambo ambalo Hamburg nzima hakuliambia: kwamba kwa nje alikuwa Mkristo, na ndani hakujua tena yeye ni nani. Maji ya ubatizo yalimlowesha kichwa tu. Aliingia kanisani na kutoka, akainama walipoinama wengine, na akajiona mnafiki.

Hamburg ilimpokea kwa baridi na kwa macho. Baridi tunaweza kuikisia sisi tuliowahi kulala Limuru mwezi wa Julai, ingawa sisi hatuoni theluji. Lakini kilichomsumbua zaidi ni milango. Kwao milango ilikuwa wazi, upepo wa bahari ukipita kutoka baraza hadi ua, na watu wakiingia na kutoka. Ujerumani kila mlango umefungwa, kila chumba kina mlango wake, na kila mtu yuko nyuma ya mlango wake. Na macho! Alialikwa kwenye karamu, na alijua fika kwamba wanawake wengine walikuja kumtazama yeye. Walitaka kuona binti mfalme wa Kiarabu anavyoshika uma. Nguo za karamu za mabibi wa Kizungu ziliacha mabega wazi, naye alikuwa ametoka mahali ambapo mwanamke wa heshima hufunika uso mbele ya mwanamume mgeni. Kwa hiyo yule aliyetazamwa kama mshenzi ndiye aliyekuwa akiona haya kwa niaba yao.

Na lugha je? Hapa wapenzi wa Kiswahili tuketi vizuri. Salme alipofika Ulaya hakujua Kijerumani. Mumewe alikuwa amefanya biashara Unguja miaka kadhaa. Lugha waliyokutana nayo wawili hawa ni Kiswahili. Ndani ya nyumba ya tajiri wa Hamburg, karibu na ziwa la Alster, mume na mke waliulizana habari za siku kwa Kiswahili huku theluji ikianguka nje. Mimi nimesoma vitabu vingi vya historia ya lugha yetu, vya misafara na vya wamisionari, na hakuna kilichowahi kuniambia hivyo. Aliajiriwa mwalimu wa kumfundisha Kijerumani, naye akajifunza mpaka akakiandika kuliko Wajerumani wengi. Lakini Heinrich akiondoka asubuhi kwenda kazini, Kiswahili chote cha nyumba ile kiliondoka naye, kikarudi jioni.

Watoto wakaja haraka: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869, Rosalie mwaka 1870. Kila mmoja alikuwa na jina la Kiarabu pia, Thawka, Said na Ghuza.

Tarehe 6 Agosti 1870 Heinrich Ruete alifariki. Alipata ajali kwenye tramu, yale magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi juu ya reli. Hakuwa na miaka 32. Mkubwa wa watoto alikuwa na miaka miwili, mdogo hajatimiza miezi minne. Ufaransa na Prussia zilikuwa zimeanza vita wiki chache tu kabla, na Ujerumani nzima ilikuwa ikizungumza habari za majeshi. Ujane wa mgeni mmoja ungemshughulisha nani?

Katika barua, kurasa hizi ndizo nzito kuliko zote. Sheria ya Hamburg haikumruhusu mjane kusimamia mwenyewe mali ya watoto. Aliwekewa wasimamizi wanaume. Yule msichana aliyekabidhiwa shamba lake akiwa na miaka 12, tena katika nchi ambayo Wazungu waliiita ya giza, sasa ni mama wa watoto watatu katika nchi ya ustaarabu, na hawezi kushika senti bila kuomba. Fedha zikapungua mwaka hata mwaka. Akajifunza kupika, kufua, kushona na kuhesabu makaa ya mawe, kazi ambazo katika jumba la baba yake zilifanywa na mikono mingine. Kisha akaanza kuhamahama akitafuta mji wenye maisha nafuu: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Cologne. Akafundisha Kiarabu ili apate mkate. Herufi zile zile alizoziiba kutoka mfupa wa ngamia ndizo zilizolisha watoto.

Kwa nini hakurudi? Swali hili niliulizwa na kila rafiki niliyemsimulia. Majid alifariki Oktoba mwaka ule ule wa 1870, miezi miwili baada ya Heinrich. Na aliyeketi kitini ni nani? Barghash! Salme alimwandikia. Aliomba radhi, aliomba urithi wake kwa ndugu zake waliokufa, aliomba walau neno. Hakupata alichokiomba. Kwa Barghash, dada aliyeiacha dini ameacha na urithi, na sheria ilimwunga mkono. Lakini mimi nahisi si dini peke yake. Mkono ulioandika barua hizi za kuomba ndio ulioandika barua za uasi wa 1859. Barghash alikuwa akiufahamu mwandiko ule vizuri sana.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme akajikaza, akaacha watoto, akavuka bahari ili amwone kaka yake uso kwa uso. Waingereza walikuwa na shughuli zao na Sultani, kwani mwaka 1873 walikuwa wamemshurutisha kulifunga soko la watumwa, na hawakutaka audhiwe. Sir Bartle Frere, bwana mkubwa wa Serikali, alimwendea Salme akamshauri aache kumwona nduguye, na badala yake watoto wake wangesaidiwa katika elimu. Mama gani angekataa? Akakubali. Barghash akaondoka, na ahadi nayo ikaondoka. Baadaye aliambiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, kwa hiyo hayo hayawahusu Waingereza.

Ujerumani nayo ikamkumbuka ilipomhitaji. Mwaka 1885 Karl Peters na wenzake walikuwa wamerudi na mikataba kutoka Usagara na sehemu nyingine za bara, na Bismarck alitaka Sultani ainame. Salme akachukuliwa katika msafara wa meli za Kijerumani hadi Unguja. Alikuwa na haki yake ya urithi ya kudai, na akiguswa yeye, raia wa Ujerumani, mizinga ilikuwa na sababu ya kusema. Kwa lugha ya kijiweni, alikuwa chambo. Je, alilijua hilo? Mwanamke aliyekuwa katibu wa uasi akiwa na miaka 15 hawezi kuwa hakulijua. Lakini baada ya miaka 19 aliiona tena minara ya nyumba za kwao, akanusa karafuu, akasikia Kiswahili barabarani. Watu walimzunguka mjini wakimlaki, na husimuliwa kwamba wengine waliadhibiwa kwa kufanya hivyo. Barghash hakumpokea. Mwezi ule ule wa Agosti, mizinga ikiwa imeelekezwa kwenye jumba lake, alikubali matakwa ya Wajerumani kuhusu bara, na tangu hapo Berlin haikuwa na haja tena na madai ya Bibi Ruete. Alipewa kiasi kidogo cha fedha, akakikataa. Mwaka uliofuata Wajerumani na Waingereza waligawana nchi, wakamwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Sehemu ya ukanda huo ni pwani yetu ya Kenya, iliyobaki ya Sultani kwa jina hadi 1963.

Mwaka huo huo wa 1886 alichapisha Berlin kitabu cha kumbukumbu zake. Kilipendwa na kutafsiriwa. Hapa sina budi kusema jambo ambalo wampendao huliruka. Katika kitabu hicho Salme aliutetea utumwa wa Kiarabu. Aliona Wazungu wanautia chumvi, na akawasema Waafrika kwa maneno ambayo msomaji wa shule yetu hawezi kuyameza. Yeye, ambaye mama yake alinyakuliwa kutoka kwa wazazi waliouawa! Mama alimwambia habari hizo, naye alizisimulia katika kitabu hicho hicho. Nimejaribu kumtafutia udhuru. Labda alichoka kusikia Wazungu wakitukana kwao, akatetea vyote, vizuri na vibaya. Hiyo inaeleza, lakini haisafishi. Kule Hamburg uwanja mmoja mdogo ulipewa jina lake mwaka 2019, na mwaka uliofuata maneno yake hayo yalipofufuliwa ikaamuliwa jina liondolewe. Sikuona ubaya wa uamuzi huo. Wala sikuona sababu ya kuacha kumsoma.

Alikwenda Unguja mara moja tena mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufariki. Akarudi mikono mitupu. Safari hiyo hakurejea Ujerumani. Alikaa Jaffa, kisha Beirut, kwa miaka mingi, mahali ambapo angalau adhana ilisikika na Kiarabu kilisemwa sokoni. Hakuwa kwao, lakini hakuwa ugenini kabisa. Mwaka 1914 akarudi Ujerumani kwa watoto wake, na Vita Vikuu vikamkuta huko. Vita vilipokwisha, fedha za Kijerumani ziligeuka makaratasi matupu. Miaka ya mwisho kabisa Serikali ya Unguja ilianza kumpa posho kidogo.

Na watoto? Antonie aliolewa na Eugen Brandeis, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika visiwa vya Marshall, huko Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1907 alitoa kitabu cha mapishi kwa wanaoishi nchi za joto. Nikifikiria mama yake alivyoteseka na vyakula vya melini, natamani kujua alifundishwa nini jikoni. Rosalie aliolewa na mwanajeshi. Rudolph alikuwa ofisa wa jeshi la Ujerumani, akaliacha, akafanya kazi Misri katika reli na benki, akaoa binti wa Kiyahudi, akahamia London. Wakati Wajerumani na Waingereza walipokuwa wakinoleana visu yeye aliandika akiwasihi wapatane. Alilitia jina la babu yake katika ukoo wake, akajiita Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha kwa Kiingereza maisha ya Seyyid Said. Wanazi walipotawala aliuacha uraia wa Ujerumani. Hivyo uhamiaji ulioanzia kwenye paa la Mji Mkongwe uliendelea kizazi cha pili.

Bibi Salme alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Majivu yake yalizikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mume wake. Husimuliwa kwamba kati ya vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa ufuo wa Unguja, naye akazikwa nao. Mwaka 1994, jumba la kifalme la Unguja lilipofunguliwa kuwa makumbusho, alitengewa chumba chake.

Barua zilikuwa zimetangulia kuchapishwa kwa mwaka mmoja. Nimezisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtafuta yule rafiki. Salme anamwita mpenzi, anamweleza habari za theluji na deni na watoto, anamwuliza kama anamkumbuka. Jina lake halimo, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.